Frantz Fanon, munganga aliyefungua kamba za wagonjwa

Hapa kwetu mashariki, jina la Frantz Fanon linajulikana zaidi juu ya siasa. Wanafunzi wa chuo kikuu wanalitaja wakiongea ukoloni, wazee wanalitaja wakikumbuka miaka ya Lumumba. Lakini kazi iliyomlisha Fanon, ile aliyokuwa anaamkia kila asubuhi, ilikuwa kazi ya munganga wa wagonjwa wa akili. Na katika kazi hiyo kuna swali moja lililomfuata kutoka Ufaransa mpaka Algeria, na kutoka Algeria mpaka Tunisia: mtu akichanganyikiwa, akipiga kelele usiku, akipasua nguo na kurusha sahani, juu ya nini mkono wetu unakimbilia kamba mbele ya kitu kingine chochote?

Swali hilo si la Wazungu tu, wala si la zamani. Karibu kila mtaa wa kwetu unajua nyumba ambamo kijana fulani amefungwa mguu kwenye nguzo, nyuma ya jiko ao katika kiwanja cha nyumba ya maombi, kwa wiki, kwa miezi. Wenye kumfunga si maadui. Mara nyingi ni mama yake na wakubwa wake. Wamechoka, hawalali, wanaogopa atapotea njiani, atapigwa na watu sokoni, ao atachoma nyumba ya jirani. Hata hospitalini, ndani ya chumba cha wagonjwa mahututi, unaweza kukuta mzee mwenye mikono iliyofungwa na bandeji kwenye chuma cha kitanda, kusudi asivute bomba la hewa ao sindano ya seromu. Ukiuliza, muuguzi atakuambia ni kwa usalama wake. Na muuguzi huyo hasemi uongo.

Fanon alizaliwa tarehe 20 mwezi wa saba 1925 huko Fort-de-France, kwenye Martinique, kisiwa cha bahari ya Karibi kilicho chini ya Ufaransa mpaka leo. Watu wengi wa kule ni wajukuu wa Waafrika waliopelekwa utumwani. Baba yake alifanya kazi ya duane, mama yake alikuwa na duka. Haikuwa jamaa ya masikini. Watoto walisoma, na Frantz alipita kwenye shule ambako mshairi Aimé Césaire alikuwa anafundisha.

Mwaka wa 1943, hajafikisha bado miaka 18, akatoroka kwa siri mpaka kisiwa cha jirani, Dominica, kusudi aingie jeshi la de Gaulle apigane na Hitler. Alipita Morocco na Algeria, kisha akashuka na jeshi kusini ya Ufaransa. Akaumizwa vitani, akapewa medali. Karatasi ya medali hiyo ilitiwa sahihi na kolonel mmoja jina lake Raoul Salan, na Salan huyo njo baadaye atakuwa jenerali mkubwa wa jeshi la Ufaransa katika vita ya Algeria, upande mwingine kabisa na Fanon. Jeshini kijana aliona kitu ambacho hakufundishwa shuleni: Mzungu kwanza, mtu wa visiwa nyuma yake, Mwafrika nyuma kabisa, hata pale wote wanapokufa kwa bendera moja.

Baada ya vita alirudi kwao kumaliza shule, kisha akaenda Lyon kusoma unganga. Kitabu alichotaka kutoa kama kazi yake ya mwisho ya masomo, juu ya mtu mweusi katika dunia ya weupe, hakikukubaliwa. Akaandika haraka kazi nyingine juu ya ugonjwa wa mishipa, akapata shahada 1951. Kitabu kile kilichokataliwa kilitokea mwaka wa 1952 kwa jina la Peau noire, masques blancs. Leo kinasomwa dunia mzima, na ile kazi ya mishipa ni watafiti tu wanaoifungua.

Mwaka uleule wa 1952 akafika Saint-Alban, hospitali ya wagonjwa wa akili juu ya milima ya Lozère, fasi ya baridi na ya masikini. Pale alikuta mtu aliyemfundisha zaidi ya chuo kizima: François Tosquelles, munganga Mkatalani aliyekimbia Franco. Tosquelles mwenyewe alikuwa ameishi katika kambi ya wakimbizi huko Septfonds, nyuma ya senyenge, na ndani ya kambi hiyo akaanzisha huduma ya wagonjwa wa akili. Alijua kufungiwa ni nini.

Tukumbuke wakati huo. Katika vita ya pili ya dunia, zaidi ya wagonjwa 40,000 walikufa njaa ndani ya hospitali za akili za Ufaransa. Hakuna aliyewapiga risasi. Walifungiwa tu, chakula kikapungua, na watu wa nje wakasahau kwamba wako. Saint-Alban iliokoka sehemu kubwa kwa sababu milango ilifunguliwa: wagonjwa walitoka, wakafanya kazi mashambani kwa wakulima wa jirani, wakarudi na viazi. Kutoka hapo Tosquelles alipata fundisho lake: kabla ya kumponya mgonjwa, ponya kwanza hospitali. Kama hospitali yenyewe inaishi kama gereza, mtu mwenye akili timamu ukimweka mle atakuwa wazimu, sembuse aliyeingia tayari anaumwa. Fanon alikaa pale zaidi ya mwaka mmoja. Mwaka huo wa 1952 pia njo alioa Josie Dublé, Mfaransa aliyekutana naye Lyon.

Mwezi wa kumi na moja 1953 anafika Blida-Joinville, hospitali kubwa karibu na mji wa Algiers. Ana miaka 28. Algeria bado ni koloni la Ufaransa, na hospitali imejengwa kama koloni: Wazungu upande wao, Waislamu upande wao. Kuna wagonjwa wengi kuliko vitanda. Fanon anapewa wagonjwa wa makundi mawili, wanawake wa Kizungu 165 na wanaume Waislamu 220.

Ndani ya majengo hayo wagonjwa wengine walikuwa wamefungwa vitandani. Wengine walivalishwa kamizoli, ile shati ngumu yenye mikono mirefu inayofungiwa mgongoni, mpaka mtu anabaki kama mtoto aliyevingirishwa nguo. Wengine walifungiwa peke yao katika vyumba vidogo. Kuna hadithi inayopendwa sana: Fanon anaingia siku ya kwanza, anapita kitanda kwa kitanda, anaagiza minyororo ianguke, wagonjwa wanalia kwa furaha. Mimi hadithi hiyo naikubali nusu. Inafanana mno na ile wanayosimulia juu ya Philippe Pinel wa Paris wakati wa mapinduzi ya Ufaransa, na hata ile ya Pinel si sawasawa: huko Bicêtre aliyetoa minyororo hasa ni Jean-Baptiste Pussin, mlinzi wa wagonjwa, mwaka wa 1797, Pinel ameisha kuhamia hospitali nyingine. Tena fasi ya minyororo ilichukuliwa na kamizoli. Watu wanapenda shujaa mmoja na siku moja. Kwa Fanon kitu cha hakika ni hiki: aliagiza kamba na kamizoli zitoke katika majengo yake, na hakuacha jambo liishie kwenye agizo.

Maana agizo ni rahisi. Munganga anasema fungueni, kisha anaenda nyumbani kula. Anayebaki usiku na wagonjwa kumi na wawili waliofunguliwa ni muuguzi. Kama hujambadilisha yeye, kesho kamba itarudi, labda kwa jina lingine. Fanon alilijua hilo tangu Saint-Alban. Kwa hiyo alianza mikutano: wanganga, wauguzi na wagonjwa katika chumba kimoja, wanaongea mambo ya jengo lao. Alianzisha gazeti dogo la hospitali, Notre Journal, akawa anaandika humo mwenyewe. Alisaidia kupanga masomo ya wauguzi kusudi wasiwe walinzi wa funguo tu. Hakuwa mtu mpole. Waliofanya kazi naye wanamkumbuka kama mtu wa kuvaa vizuri, mwenye maneno makali, asiyevumilia uvivu wala dharau kwa mgonjwa.

Kwa wanawake wa Kizungu mambo yalienda haraka. Walishona, walipanga sikukuu, waliangalia filamu na kuijadili. Kumpa sindano ao makasi mtu uliyekuwa unamfunga kunaomba moyo, na wauguzi waliogopa. Lakini kelele zilipungua.

Kwa wanaume Waislamu kazi ilianguka. Fanon alifanya kwao vilevile: mikutano, vikapu vya kufuma, jioni za nyimbo, gazeti. Hawakuja. Waliokuja walikaa kimya ao waliondoka. Miezi ikapita, jengo likabaki zito, vurugu zikarudi, na pamoja na vurugu adhabu za zamani. Wauguzi wa siku mingi wakasema ndiyo, tulikuambia, watu hawa hawawezi.

Na neno hilo, hawawezi, lilikuwa na maprofesa nyuma yake. Huko Algiers kulikuwa shule nzima ya unganga wa akili iliyoanzishwa na Antoine Porot, iliyofundisha kwamba Mwarabu wa kaskazini mwa Afrika anazaliwa na akili ya chini, anaongozwa na sehemu ya ndani ya ubongo, ni mtu wa hasira na uongo. Upande wetu wa Afrika alikuwepo J. C. Carothers, aliyeongoza hospitali ya Mathari huko Nairobi. Mwaka wa 1953 shirika la afya la dunia, OMS, lilitoa kitabu chake ambamo alilinganisha Mwafrika mzima na Mzungu aliyekatwa sehemu ya mbele ya ubongo. Ukiamini maneno kama hayo, kamba haikusumbui tena. Hauongei na mtu, unalinda mnyama. Fanon alipigana na maandishi hayo mpaka kitabu chake cha mwisho, na nafikiri alipigana nayo kwa nguvu vile kwa sababu aliyaona kazi yake kila siku kwenye mikono ya wagonjwa wake.

Lakini kwanza alijiuliza yeye mwenyewe. Mwaka wa 1954 yeye na munganga kijana Jacques Azoulay waliandika makala juu ya kuanguka huko, ukurasa kwa ukurasa, pasipo kuficha. Ni maandishi ninayoyapenda kuliko yale ya siasa. Wanaeleza kwamba waliwaletea watu maisha ya Wafransa na kushangaa kwamba hawayataki. Wagonjwa hao wengi walikuwa wafanyakazi wa mashamba. Karibu wote hawakujua kusoma, gazeti litawasaidia nini? Kufuma vikapu kwao ni kazi ya wanawake. Mwanaume wa heshima hasimami kuimba mbele ya watu, kuna wenye kazi hiyo. Sikukuu ya Noeli si yao. Tena Fanon hakujua Kiarabu wala Kikabili, aliongea kwa mkalimani, na mkalimani katika koloni watu walimjua kwenye tribinali na kwa polisi. Mgonjwa akimwona, anafunga mdomo.

Basi wakabadilisha. Wakafungua mkahawa wa desturi ya kule, fasi ya wanaume kukaa, kunywa na kucheza domino. Wakafanya sikukuu za Kiislamu, wakaita mwenye kuhadithia hadithi, wakatengeneza fasi ya kusali. Wakachimba kiwanja cha mupira, wagonjwa wenyewe wakishika jembe na sepeto. Watu wa shamba walipewa udongo badala ya vikapu. Hapo njo jengo lilianza kupumua.

Ukifikiria vizuri, kulikuwa kamba mbili. Ile ya kwanza ni ya mkononi, inafunguliwa kwa dakika moja. Ya pili ni kumweka mtu mahali ambapo hakuna neno lake, chakula chake, sala yake wala kazi anayoijua, halafu kumwita mkorofi akikataa. Ile ya pili iliwachukua miezi mingi.

Juu ya vurugu zenyewe Fanon aliandika pia. Makala ilitokea mwanzoni mwa 1957 katika gazeti la wanganga la Morocco, akiwa na munganga Mualjeria, Slimane Asselah. Walikuwa wanajibu swali lile la kila jengo: tumfanyie nini mgonjwa mwenye vurugu? Waliona kwamba vurugu si kitu kinachomtoka mgonjwa peke yake kama jasho. Ni jibu pia kwa fasi aliyowekwa. Umfungie katika chumba kitupu, umvue nguo, umfunge mikono: umemwondolea watu wa kuongea nao, umemwachia sauti za kichwani tu. Vurugu inapanda. Nawe unasema, mwaona, tulikuwa na haki ya kumfunga. Mzunguko huo, kama gari iliyokwama kwenye matope, ukikanyaga zaidi inazama zaidi.

Mambo haya yanagusa pia vyumba vya wagonjwa mahututi, ambavyo enzi ya Fanon vilikuwa ndiyo vinaanza. Mgonjwa mwenye bomba la hewa kooni mara nyingi anachanganyikiwa kwa homa, kwa dawa, kwa kukosa usingizi. Anavuta kila kitu. Uchunguzi uliofanywa katika nchi mbalimbali umeonyesha kwamba sehemu kubwa ya wale waliojitoa bomba walikuwa wamefungwa mikono tayari. Wengine waliopona wanakumbuka kamba kuliko ugonjwa, wanaota wametekwa. Kuna nchi ambako kufunga ni desturi na nchi ambako karibu hawafungi kabisa, wanaweka muuguzi karibu, wanapunguza maumivu, wanamruhusu mtu wa nyumbani ashike mkono. Wauguzi wakiulizwa, wengi hawapendi kufunga, lakini wanaogopa kulaumiwa bomba likitoka, na wako wachache usiku. Hilo Fanon angelielewa mara moja.

Tusimpake rangi ya malaika. Alitumia umeme wa kichwani, alitumia sindano za insulini za kulaza mgonjwa, kama wanganga wengi wa wakati wake. Dawa mpya za kutuliza, zilizoanza kutumika Ufaransa mwaka wa 1952, zilimsaidia pia. Kuna wanaouliza kama dawa ya kumfanya mtu alale siku mzima si kamba nyingine isiyoonekana. Ni swali la haki. Fanon aliitaka dawa imrudishe mgonjwa kwenye mazungumzo, lakini mpaka wapi alifaulu, maandishi yake mwenyewe hayafungi mjadala.

Tarehe 1 mwezi wa kumi na moja 1954 vita ya uhuru ilianza Algeria. Taratibu wagonjwa wa namna mpya wakaanza kufika Blida: wapiganaji waliovunjika roho, wanakijiji waliochomewa nyumba, watu waliotoka mikononi mwa polisi. Na polisi wenyewe. Katika kitabu chake cha mwisho Fanon anahadithia wagonjwa hao. Mmoja alikuwa inspekta Mzungu aliyetesa wafungwa mchana, na jioni akawa anapiga mke wake na watoto, hata mtoto mdogo kabisa. Hakuomba kuacha kazi. Aliomba munganga amsaidie aendelee kutesa pasipo kusumbuka.

Hadithi nyingine kwangu ni nzito zaidi. Polisi mmoja kijana, asiyelala tena kwa sababu ya vilio anavyovisikia usiku, alikuja kumtafuta Fanon. Akakuta munganga ameitwa kwa mgonjwa mwingine, akatembea katika bustani ya hospitali. Fanon alipomfikia alimkuta ameegemea mti, anatoka jasho, anatetemeka: amekutana njiani na Mualjeria aliyelazwa pale, mtu aliyemtesa kwa mikono yake. Fanon akamshughulikia, kisha akaenda jengoni kumtafuta yule mwingine. Hawakumwona. Walimkuta chooni anajaribu kujiua. Alikuwa amemtambua polisi na kuamini wamekuja kumrudisha. Iliwachukua wauguzi muda mrefu kumhakikishia kwamba aliona vibaya, kwamba polisi hawawezi kuingia hospitalini.

Sasa fikiria mtu kama huyo. Ukamfunga kitandani, hata kwa upole, hata kwa usalama wake. Mwili wake utajua tofauti gani kati ya chumba cha polisi na chumba chako? Katika majimbo yetu, ambako watu wengi wamepita mikononi mwa wenye silaha, kila muuguzi anaweza kuwa na mgonjwa wa namna hii mbele yake pasipo kujua.

Fanon alikuwa ameisha kuingia upande wa wapigania uhuru. Alificha, alitibu, alifundisha. Mwisho wa 1956 aliandika barua ya kuacha kazi kwa Robert Lacoste, aliyetawala Algeria kwa jina la Ufaransa. Alieleza kwamba kazi ya munganga wa akili ni kumsaidia mtu asijisikie mgeni katika nchi yake, na kwamba Mualjeria amefanywa mgeni wa kudumu kwao mwenyewe, kwa hiyo kazi hiyo haiwezekani tena. Mwezi wa kwanza 1957 akafukuzwa Algeria.

Alienda Tunis. Huko watu wanamkumbuka zaidi kama mwandishi wa gazeti la mapinduzi, El Moudjahid, lakini mchana aliendelea na koti jeupe. Kwenye hospitali ya Charles-Nicolle, mwaka wa 1958, alifungua kituo cha mchana cha wagonjwa wa akili, kitu ambacho wakati ule kilikuwa kipya hata Ulaya. Wagonjwa wanafika asubuhi, wanatibiwa, wanakula, wanafanya kazi, jioni wanarudi kulala kwao. Mamia ya watu walipita pale, na kati yao wagonjwa wazito. Alichojifunza Blida kilimpeleka mbali zaidi: sasa alisema hata hospitali nzuri yenye mkahawa na mupira ni dunia ya kuigiza. Mtu anaumwa katikati ya mke wake, mkubwa wa kazi na majirani; ni katikati yao anapaswa kupona. Ukimwacha alale kwake, ugonjwa wake hauwi siri ya ukuta. Aliandika matokeo pamoja na mwenzake Charles Geronimi mwaka wa 1959.

Congo iliingia katika maisha yake wakati huo. Mwezi wa kumi na mbili 1958 huko Accra, kwenye mkutano wa watu wa Afrika yote, Fanon na Patrice Lumumba walikutana. Mwaka wa 1960 serikali ya Algeria iliyokuwa uhamishoni ilimfanya balozi wake Accra, na mwezi wa nane alifika Léopoldville kwa mkutano ambao Lumumba aliita. Miezi mitatu nyuma ya hapo, dunia iliona picha za Lumumba kwenye uwanja wa ndege wa Ndjili, mikono imefungwa nyuma. Baada ya kuuawa kwake Fanon aliandika makala kali: kosa kubwa ni kuamini UNO, na Waafrika waliotuma askari wao Congo chini ya bendera ya UNO wana sehemu yao ya lawama.

Alipoandika hivyo alikuwa mgonjwa tayari. Mwisho wa 1960 walimkuta na kansa ya damu. Alitibiwa Moscow, akarudi Tunis, akaandika kwa haraka kitabu cha Les damnés de la terre. Mwezi wa kumi 1961 walimpeleka Marekani, nchi ambayo hakuipenda. Alikaa siku kadhaa hotelini Washington kabla ya kupata kitanda katika hospitali ya Bethesda. Simone de Beauvoir, mwandishi wa Ufaransa aliyemjua, ameeleza kwamba katika siku za mwisho, kwa homa na damu walizokuwa wanamwongezea, Fanon aliamka mara akiamini usiku wamemtia katika mashine ya kufulia nguo. Munganga wa akili naye alikuwa amechanganyikiwa, kama wale aliowakuta Blida. Josie alikuwa karibu naye, na mtoto wao Olivier, wa miaka sita.

Alikufa tarehe 6 mwezi wa kumi na mbili 1961, ana miaka 36. Mwili ulirudishwa Tunis kwa ndege, kisha wapiganaji wakaubeba mabegani na kuuvukisha mpaka, wakamzika ndani ya ardhi ya Algeria kama alivyoomba. Uhuru ulifika miezi saba nyuma ya hapo. Kaburi lake sasa liko Aïn Kerma, karibu na Tunisia. Hospitali ya Blida inaitwa kwa jina lake, na mpaka leo inapokea wagonjwa wa akili.